Ramanujan: Alifeli chuo mara mbili, Cambridge ikamchukua

Kama ulipata A ya Hisabati kwenye KCSE lakini gredi ya jumla ikakwama kwa C, keti hapa nikupe stori ya Srinivasa Ramanujan.

Jamaa alizaliwa Desemba 22, 1887, mjini Erode, kusini mwa India, akalelewa Kumbakonam. Babake alikuwa karani wa duka la nguo, kwa hivyo usidhani ni mtoto wa mabwanyenye. Akiwa kijana wa miaka 16 hivi alipata kitabu cha Carr, maelfu ya kanuni za hisabati zimepangwa tu moja baada ya nyingine, maelezo kidogo sana. Wewe na mimi tungekilalia. Yeye alikimeza.

Mwaka 1904 aliingia chuo cha serikali pale Kumbakonam kwa ufadhili. Shida ni kuwa alisoma hesabu peke yake, Kiingereza na mengine akayapa kisogo. Akafeli, ufadhili ukakatwa, na nyumbani karo haikuwepo. Aibu ilimzidi akatoroka hadi Visakhapatnam. Mwaka 1906 akajaribu chuo cha Pachaiyappa, jijini Madras. Mtihani wa kuingia masomo ya digrii akaanguka, akarudia 1907, akaanguka tena.

Elewa mfumo ulivyokuwa. Chuo Kikuu cha Madras kilitaka upite masomo yote. Hisabati yako hata iwe moto vipi, haingefidia somo uliloanguka. Si mbali sana na sisi, ambapo C+ ya jumla ndiyo lango la digrii.

Basi akasota. Alioa 1909, hana kazi, anajaza madaftari kanuni zake. Mwaka 1912 akapata ukarani bandarini Madras, mshahara rupia 30 kwa mwezi. Januari 1913 akamwandikia G. H. Hardy, mwanahisabati wa Trinity, Cambridge. Alijitambulisha kama karani asiye na elimu ya chuo kikuu, kisha akabandika kurasa za kazi yake. Hardy na mwenzake Littlewood walikaa chini wakazipitia. Kanuni zingine zilikuwa zinajulikana, zingine zina makosa, na zingine hawakuwa wameziona popote.

Hapo ndipo vituko. Chuo kile kile cha Madras kilichomwangusha kikampa rupia 75 kwa mwezi afanye utafiti, bila digrii! Machi 1914 akapanda meli kwenda Uingereza. Cambridge haikumdai vyeti vya Madras. Mwaka 1916 ilimpa digrii kwa utafiti wake, na 1918 akachaguliwa kujiunga na Royal Society, kisha akawa mhadhiri mtafiti wa Trinity.

Lakini usikimbie kutupa vitabu. Gredi ni njia ya kusomwa na watu wasiokujua. Ramanujan hakuwa nazo, ndiyo maana alihitaji mtu mwenye jina amsimamie, na Waingereza aliowaandikia kabla ya Hardy hawakumsaidia. Barua ingeangukia mtu mwingine mwenye haraka, angezeeka bandarini.

Sasa piga hesabu. Kutoka 1907 alipofeli mara ya mwisho hadi 1914 alipopanda meli ni miaka saba. Alirudi India mgonjwa mwaka 1919, akafariki Aprili 26, 1920, akiwa na miaka 32.