Stéphane Tarnier, daktari aliyewalisha njiti kwa mpira

Ukiingia wodi ya watoto njiti, mara nyingi kabla ya kuuona uso wa mtoto utauona mpira. Ni mwembamba, umepita puani au mdomoni, umebandikwa shavuni kwa plasta, na muuguzi anapitishia humo maziwa ambayo mama ameyakamua. Kina mama wengi huuogopa. Nasi tulijiuliza: nani alianza?

Jibu linatupeleka Paris, Ufaransa. Stéphane Tarnier alizaliwa mwaka 1828 huko Aiserey, karibu na Dijon, mtoto wa daktari wa kijijini. Akiwa daktari kijana katika hospitali ya wazazi ya Maternité, alikuta homa ya uzazi ikiwamaliza kina mama, na mwaka 1857 akaandika kwamba inaambukiza. Miaka kumi baadaye alikuwa daktari mkuu wa hospitali hiyo hiyo.

Ndipo akawageukia njiti. Katika bustani ya wanyama ya Paris aliona mashine ya kutotolesha vifaranga, akamwomba fundi wake, Odile Martin, amtengenezee ya watoto. Naam, ya kuku! Ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kabla yake, kati ya watoto 100 waliozaliwa na uzito chini ya gramu 2,000, walikufa 66. Baada yake, 38.

Lakini joto halishibishi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 34 hivi za ujauzito kwa kawaida bado hajaweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Ukimlazimisha titi anachoka, au anapaliwa. Akiachwa, anakufa njaa ndani ya joto lake.

Tarnier alichukua kifaa kilichokuwapo tayari hospitalini: mpira wa mkojo. Juu yake aliunganisha kikombe kidogo cha kioo. Mtoto alilazwa magotini kwa muuguzi, kichwa kimeinuliwa kidogo. Mpira ulilowanishwa, ukafikishwa kwenye shina la ulimi, mtoto mwenyewe akaumeza, kisha ukasukumwa taratibu hadi tumboni, kiasi cha sentimita 15. Maziwa yalimiminwa kikombeni yakashuka yenyewe. Mpira ulichomolewa haraka, maana ukivutwa polepole maziwa huufuata kurudi juu.

Kwa walio wadogo sana mlo mmoja ulikuwa gramu 8 hadi 10 tu, kila baada ya saa moja, na maziwa yaliyopendelewa ni ya binadamu. Aliyezidishiwa alivimba mwili, na mtu asiyejua angedhani amenenepa.

Siku hizi mpira huachwa mahali pake, na muuguzi huhakikisha kwanza kwamba uko tumboni, si kwenye njia ya hewa. Kwa hiyo, mzazi, hiyo si kazi ya kujaribu nyumbani.

Tarnier alifariki mwaka 1897. Mwanafunzi wake, Pierre Budin, aliiendeleza kazi hiyo, akisisitiza mama asitenganishwe na mtoto wake na maziwa yake yasikauke. Mwaka 1905 Paris ilimjengea Tarnier mnara wa kumbukumbu, karibu na bustani ya Luxembourg. Katika mchongo wake, daktari yuko pamoja na mama na mtoto mchanga.