Sakichi Toyoda: Mwana wa seremala aliyeifundisha mashine kusimama

Namanga, Malaba, Rusumo au Tunduma, ni nadra saa moja kupita bila gari lenye jina la Toyota kuonekana kwenye foleni ya forodha. Wafanyabiashara hulijua jina hilo kwa ustahimilivu wa injini na upatikanaji wa vipuri. Wengi hawajui kwamba limetokana na mtu ambaye hakuwahi kuunda gari hata moja. Bidhaa iliyompa sifa ilikuwa mashine ya kufuma nguo.

Sakichi Toyoda alizaliwa Februari 1867 katika kijiji cha Yamaguchi, ambacho leo ni sehemu ya mji wa Kosai, mkoani Shizuoka, Japani. Baba yake alikuwa mkulima na seremala, na kijana alirithishwa randa na msumeno. Wanawake wa kijiji, mama yake akiwamo, walifuma pamba nyumbani kwa mitambo ya mkono. Ilikuwa kazi ya kutwa kucha yenye kipato kidogo.

Mwaka 1885 Japani ilitunga sheria ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi kunufaika na kazi yake. Sakichi alikuwa na miaka 18. Akaacha kuwaza meza na milango, akaanza kuwaza namna ya kurahisisha kazi ya kufuma. Baba hakupendezwa, na majirani walimwona kijana anayepoteza muda na mbao za watu. Mwaka 1890 alikwenda kwenye maonyesho ya viwanda mjini Tokyo, akarudi siku baada ya siku kuzichunguza mashine. Mwaka uliofuata alipata hataza yake ya kwanza, kwa mtambo wa mbao ambao mfumaji aliuendesha kwa mkono mmoja badala ya miwili.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1896, alipokamilisha mashine ya mbao na chuma iliyoendeshwa kwa nguvu ya injini. Mashine hiyo ilikuwa na jambo jipya: uzi wa mshindio, ule unaopita kwa upana wa kitambaa, ukikatika au ukiisha, ilisimama yenyewe.

Kwa mfanyabiashara wa nguo, umuhimu wa jambo hilo hauhitaji maelezo marefu. Mashine isiyojua kusimama huendelea kufuma hata uzi ukikosekana. Mfanyakazi anapokuja kugundua, kitambaa kimeshaharibika, na pamba na muda vimepotea. Kasoro isipoonekana kiwandani, huonekana kwa mnunuzi anapofungua jora, na hapo hasara ni ya aliyelinunua.

Ubora wa kitambaa kilichofumwa kwa mashine za Sakichi uliivutia kampuni kubwa ya biashara ya Mitsui. Kwa msaada wa wenye mitaji, mwaka 1907 ikaanzishwa kampuni ya kutengeneza mashine zake. Lakini mvumbuzi na wenye fedha hawakutazama mbele kwa jicho moja. Sakichi alishikilia kwamba mashine isiuzwe kabla ya kujaribiwa kwa muda mrefu katika kazi halisi ya kiwanda. Majaribio hayo yaligharimu fedha, na biashara ilikuwa ngumu. Mwaka 1910 alilazimika kujiuzulu kutoka kampuni iliyobeba jina lake, huku uvumbuzi wake ukibaki mikononi mwa wengine.

Alikuwa na miaka 43. Alisafiri Marekani na Ulaya, akatembelea viwanda vya nguo, na huko Marekani akaona magari yakianza kujaa barabarani. Aliporejea Japani mwaka 1911 alianza upya mjini Nagoya. Safari hii alijenga kiwanda chake mwenyewe cha kufuma, ili faida ya nguo igharamie utafiti na majaribio yafanyike bila kumwomba mtu ruhusa. Baadaye alifungua kiwanda kingine Shanghai, China.

Mwaka 1924, akisaidiana na mwanawe Kiichiro aliyesomea uhandisi, alikamilisha mashine iliyojulikana kama Type G. Katika mashine hii, kila uzi wa mtande, ule unaokwenda kwa urefu wa kitambaa, hushikilia kipande chembamba cha chuma. Uzi ukikatika, chuma huanguka na mashine husimama. Mshindio unapokaribia kwisha, mashine hujiwekea mwingine bila kupunguza kasi. Mfanyakazi mmoja aliweza kusimamia mashine zaidi ya 30, kwa kuwa hakuhitaji kuikodolea macho kila moja. Alikwenda tu kwenye iliyosimama.

Desemba 1929 kampuni ya Uingereza, Platt Brothers, iliyokuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa mashine za nguo duniani, ilikubali kununua haki ya kutumia uvumbuzi huo kwa pauni 100,000. Nchi iliyoifunza dunia kufuma kwa mashine ilikuwa sasa inanunua ujuzi kwa mwana wa seremala. Sakichi alifariki Oktoba 30, 1930, akiwa na miaka 63.

Matokeo ya mapinduzi ya viwanda vya nguo vya Japani yalifika hadi Afrika Mashariki. Mikataba ya Bonde la Kongo, yenye mizizi katika Mkutano wa Berlin wa 1884-85, ilizuia ushuru wa upendeleo katika eneo lililojumuisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Kwa hiyo Waingereza hawakuweza kukilinda kitambaa chao dhidi ya cha Japani. Katika miaka ya 1930, pamba ya Japani iliipiku ya Uingereza katika maduka ya ukanda huu.

Kiichiro naye aliingia kwenye magari, jambo ambalo baba yake alimhimiza. Idara ya magari ilianzishwa mwaka 1933 ndani ya kampuni ya mashine za kufuma, na mwaka 1937 ikawa kampuni ya Toyota. Kanuni ya mzee ilihamia huko pia: mfanyakazi akiona kasoro, ana haki ya kuvuta kamba na kuomba kazi isimamishwe mpaka chanzo kipatikane. Viwanda vya leo vya saruji, sukari na vinywaji hutumia vihisio vya umeme kwa kazi ambayo kwa Sakichi ilifanywa na kipande cha chuma.

Kwa anayevusha bidhaa mpakani, hesabu haijabadilika. Kasoro ikigunduliwa kwenye ghala la muuzaji, kinachopotea ni dakika chache. Ikigunduliwa baada ya ushuru kulipwa na lori kuondoka, hakuna wa kumrudishia mzigo.