Abraham Lincoln: Kutoka Kilabuni hadi Kortini

Wanafunzi wenzangu, Lincoln alizaliwa mwaka wa 1809 huko Kentucky, Marekani, katika jamaa maskini. Shuleni hakukaa hata mwaka mmoja kamili. Mwaka wa 1833, yeye na mwenzake William Berry walipewa leseni ya kilabu cha pombe kijijini New Salem, Illinois. Biashara ikaanguka. Berry akafa 1835, madeni yote yakamwangukia Lincoln. Je, alitoroka? Hata! Alilipa polepole, miaka na miaka. Huku nyuma aliazima vitabu vya sheria, akajisomea bila mwalimu, na mwaka wa 1836 akapata leseni ya uwakili. Mwaka wa 1861 akawa rais. Basi sisi tunaofukuzwa karo tusikate tamaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.