Shaaban Robert, Karani Aliyetufunza Kusamehe

Nilipoombwa niandike juu ya mtu mashuhuri, wenzangu walidhani nitachagua mwanasiasa au mwanariadha. Mimi nimemchagua karani.

Karani huyo ni Shaaban Robert. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Tanga si mbali nasi. Reli iliyojengwa kutoka Voi kupitia Taveta wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilikwenda kuungana na reli ya Tanga huko Kahe. Kwa hivyo mzee huyu ni kama jirani yetu.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akawa wa pili kati ya wanafunzi 11 waliofaulu. Masomo yake ya darasani yakaishia hapo. Sekondari hakuiona! Akaajiriwa karani wa forodha hadi 1944, kisha akaingia idara ya wanyama wa pori, kazi ambayo sisi tuliozungukwa na Tsavo twaijua vizuri. Baadaye alirudi Tanga katika ofisi za serikali. Saa za kazi aliandika mambo ya ofisi, na muda uliobaki akaandika yake: mashairi, tenzi, insha na hadithi. Haba na haba hujaza kibaba.

Watoto hakuwasahau. Binti yake alimtungia utenzi uitwao Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia Adili. Mwaka 1951 kilitoka kitabu chake Kusadikika, na mwaka 1952 kikatoka kile nikipendacho kuliko vyote, Adili na Nduguze.

Nilikisoma mara ya kwanza nikiwa darasa la saba. Nakala iliyokuwa ikizunguka darasani ilikuwa imechanika kurasa za mwisho. Humo Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Aliwatendea mema, lakini wao wakamwonea wivu, hata wakamtosa baharini. Basi wakageuzwa manyani, na kwa amri ya jini Huria, Adili akawa anawachapa kila usiku huku moyo ukimuuma. Nilifurahi sana! Sisi wa huku tunawajua nyani wanavyomaliza mahindi shambani, na niliona adhabu hiyo inawafaa kabisa.

Tena wakati huo mimi na kaka yangu tulikuwa tumenuniana kwa ajili ya baiskeli. Kila nikisoma habari za Hasidi nilimwona yeye.

Nilipofika kidato cha kwanza nikapata nakala nzima. Lo! Mwishoni ndugu wale wanasamehewa na kurudi kuwa watu. Nilikasirika, nikakifunga kitabu. Yaani waachiliwe hivihivi? Lakini nilipolala niliwaza kwamba Adili naye hakuwa na raha miaka yote ya kushika kiboko. Kesho yake nilimsalimia kaka yangu kabla hajanisalimia. Akaitika, na baiskeli tukaanza kuiendesha kwa zamu.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi michache baada ya Tanganyika kupata uhuru, akazikwa Machui. Kitabu chake Kufikirika, alichokiandika 1946, kilichapishwa 1967. Hakukiona. Utubora Mkulima pia kilitoka baada ya kifo chake, mwaka 1968. Hebu fikirini, mtu anaandika miaka mingi bila kujua kama kazi yake itasomwa, na hachoki.

Kuna wenzetu wanaosema eti vitabu vya Kiswahili ni vya mtihani tu, ukishamaliza unatupa. Mimi nawaomba wakisome hiki hata kama hakitatahiniwa. Na ukikiazima katika maktaba, tafadhali usichane kurasa za mwisho. Huenda anayekifuata ana ndugu hasemi naye.

Kalamu yangu naiweka chini.