Ronald Ngala na mkulima wa Pwani

Kila nikipita Ronald Ngala Street jijini Nairobi huwa najiuliza ni wangapi kati ya wachuuzi na makanga wa pale wanajua kwamba jina wanalolitaja mchana kutwa ni la mwalimu wa shule kutoka Giriama. Huku kwetu Pwani jina twalijua, ila twalikumbuka kwa siasa tu. Mimi leo namkumbuka kwa sababu ya shamba.

Ronald Gideon Ngala alizaliwa Gotani, upande wa Kaloleni, mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika nchi ya minazi, mihogo na mahindi ya kungojea mvua. Alisoma Alliance, akaenda Makerere kusomea ualimu, akarudi kufundisha. Mwaka wa 1949 kilitoka kitabu chake, Nchi na Desturi za Wagiriama. Mwaka wa 1957 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na 1960 akawa kiongozi wa KADU.

Hapo ndipo lilipoanza neno majimbo. Watu wa makabila madogo waliogopa kwamba uhuru ukija, maamuzi yote yatahamia Nairobi, na mkulima wa Bamba au Ganze atakuwa mgeni katika serikali yake mwenyewe. Wapinzani walisema mfumo huo wawafaa walowezi. Siwezi kulikana hilo lote, maana chama cha Blundell kilishirikiana na KADU katika serikali ya 1961. Lakini hofu ya watu wetu haikuwa ya kuazima. Walikuwa wakiishi juu ya ardhi ya mababu zao wakiitwa maskwota.

Majimbo yakaingia katika katiba ya 1963, na Ngala akawa rais wa Jimbo la Pwani. Jimbo likawa na bunge lake, ila fedha zikabaki mikononi mwa serikali kuu, ambayo haikuutaka mfumo huo. Serikali ya mashinani isiyo na fungu lake ni kama jembe lisilo na mpini. Novemba 1964 KADU ikavunjwa, Ngala na wenzake wakavuka kwenda KANU, na majimbo yakaishia hapo.

Wako wazee ambao hadi leo hawajamsamehe kwa kuvuka. Mimi naona alikuwa amebaki na wabunge wachache, wengine wakimponyoka.

Mwaka wa 1966 akapewa wizara ya vyama vya ushirika na huduma za jamii. Mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Vyama vya Ushirika, iliyompa kamishna wa serikali nguvu kubwa juu ya vyama vya wakulima. Mtu aliyetaka mambo yaamuliwe nyumbani akajikuta katika wizara iliyoyaamua Nairobi. Sijui kama kuna jambo lenye uchungu zaidi katika maisha yake ya siasa.

Desemba 1972 alipata ajali ya gari karibu na Konza, katika barabara ya Mombasa. Alifariki siku ya Krismasi.

Katiba ya 2010 imerudisha kilimo mashinani. Tangu 2013 magatuzi ndiyo yenye jukumu la maafisa wa nyanjani, chanjo ya mifugo na huduma nyingine za mkulima, na safari hii mgao wa fedha umeandikwa ndani ya katiba yenyewe. Ngala hakuupata ulinzi huo.

Baba yangu aliacha mikorosho kumi na minane na minazi ambayo sijaihesabu. Mkutano wa maoni ya bajeti ukiitishwa katika wadi yetu nitakwenda, nami nina swali moja tu: kati ya fedha za kilimo, ni ngapi zitakazomlipa afisa na kumtilia mafuta pikipiki yake afike shambani? Wenzangu wa Kaloleni, Ganze, Kinango na Tana, nanyi nendeni mkaulize.