Askari wa Dar es Salaam aliyekwenda Berlin kudai mshahara

Kila nipitapo penye sanamu ya askari pale Mombasa, humkumbuka mtu ambaye sanamu ile haimhusu. Waingereza waliisimamisha, pamoja na za Nairobi na Dar es Salaam, kuwakumbuka Waafrika waliowapigania katika Vita Vikuu vya Kwanza. Huyu wangu alikuwa upande wa Mjerumani. Jina lake Mahjub bin Adam Mohamed, na Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mji ukiwa bado mdogo. Babake alikuwa askari wa asili ya Sudan aliyepanda hadi cheo cha efendi katika jeshi la Mjerumani. Vita vilipozuka 1914, baba na mwana waliingia jeshini pamoja. Mtoto wa miaka 10, jamani! Mwaka 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, huko Lindi, akatekwa na Waingereza.

Vita vilipokwisha akawa mtumishi wa melini. Mwaka 1929 akafika Berlin na shughuli moja: kudai mshahara wa vita ambao haukulipwa, wake na wa babake. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba amechelewa, muda wa madai umepita. Nani kati yetu hapa Pwani hajawahi kupewa jibu la namna hiyo dirishani?

Mwingine angerudi kwao. Yeye alibaki, akafanya kazi ya uweita, na Januari 1933 akamwoa Maria Schwandner. Mwezi huo huo Hitler akashika madaraka. Walijaaliwa Ahmed na Annemarie, na Maria akampokea na kumlea Heinz Bodo, mtoto ambaye mumewe alimzaa na mwanamke mwingine. Si kila mke angekubali.

Ili watoto wale, Husen alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin kwa ujira mdogo, akimsaidia Profesa Diedrich Westermann. Kiswahili chetu hiki hiki, ndugu msomaji, alikuwa akiwafunza hata watumishi wa serikali waliotumaini kurudi kututawala. Pia aliigiza katika filamu zaidi ya 20. Ya mwisho, ya mwaka 1941, ilimtukuza Carl Peters, yule ambaye Tanganyika walimwita Mkono wa Damu, na Husen akapewa nafasi ya mwongoza njia wake.

Hapo ndipo hunishinda. Mwaka 1934 aliomba beji ya wapiganaji wa mstari wa mbele, akanyimwa kwa kuwa ni mweusi. Mwaka 1939 akajitolea tena kuingia jeshini, wakamkataa. Wako watakaomwita kibaraka. Mimi naona mtu aliyeingizwa jeshini angali mtoto, akaendelea kuamini kwamba bwana wake wa zamani ipo siku atamtambua. Na nyumbani kwake kulikuwa na msiba: Ahmed alifariki 1938, Annemarie 1939.

Mwaka 1941 Gestapo walimkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani nje ya ndoa, jambo ambalo Wanazi walilihesabu kuwa uchafuzi wa damu yao. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka 40. Heinz Bodo naye hakuumaliza mwaka 1945.

Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa Afrika Mashariki waliokuwa bado hai. Husen alikuwa na miaka 20 kaburini. Tangu 2007 liko bamba dogo la shaba njiani, mtaa wa Brunnenstraße, mbele ya nyumba aliyoishi. Limeandikwa jina lake.