Burkitt: Daktari wa Jicho Moja Aliyefuata Uvimbe Barabarani

Ukisomea udaktari nchi hizi zetu, jina la Burkitt utakutana nalo tu, upende usipende. Wengi tunalikariri kwa ajili ya mtihani halafu basi. Lakini huyu mzee ana la kutufundisha hata sisi tusiovaa koti jeupe.

Denis Burkitt alizaliwa 1911 huko Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 aligongwa na jiwe, akapoteza jicho moja. Chuo kikuu Dublin alianza na uhandisi, akahamia udaktari, kisha akawa daktari wa upasuaji. Alipoomba kazi Afrika Magharibi walimkataa kwa sababu ya lile jicho. Baada ya vita, 1946, akapata nafasi Uganda: kwanza Lira, baadaye Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwone mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu akamkuta mwingine wa namna ileile Jinja. Akaanza kupekua mafaili, na 1958 akachapisha maelezo ya kwanza. Ilikuwa saratani ya mfumo wa limfu, inayokua kwa kasi ya kutisha na kuua watoto kwa miezi michache.

Burkitt aliuliza swali jepesi: inapatikana wapi, na wapi haipo? Oktoba 1961, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson walipanda gari la Ford la mtumba, wakashuka kusini hadi Afrika Kusini, wakipitia hospitali moja baada ya nyingine. Wiki 10, maili 10,000. Ramani ikajichora: ugonjwa uko penye joto na mvua, nyanda za juu zenye baridi haupo. Chukua Nandagala, kule Ruangwa, jirani na Nachingwea: ardhi ya chini, joto, korosho, ufuta, na mbu wa kutosha. Ni mazingira yaleyale.

Yeye alidhani mbu ndiye anayesambaza kirusi. Hapo hakupatia sawasawa. Kirusi kweli kilionekana 1964 katika maabara ya Epstein, London, lakini hakienezwi na mbu; malaria ya mara kwa mara ndiyo inayokipa nguvu ya kuleta saratani.

Sasa tuje kwenye dawa. Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakikutosha. Burkitt akajaribu dawa za saratani alizopewa na watafiti wa Marekani, mara nyingine dozi moja tu. Baadhi ya uvimbe uliyeyuka, na wapo watoto waliopona kabisa. Dunia ikashtuka: kumbe saratani inaweza kutibika kwa dawa!

Ila yale hayakuwa majaribio kamili. Hakukuwa na makundi ya kulinganisha, na mtoto akirudi kijijini ilikuwa vigumu kujua kama amepona au amezikwa. Pengo hilo lilizibwa na kituo kilichofunguliwa Mulago 1967, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. John Ziegler, kisha Charles Olweny, Mganda wa kwanza kukiongoza, walipanga wagonjwa kwa makundi, wakalinganisha dawa, na wahudumu wakapanda gari kuwafuata watoto hadi majumbani. Bila kazi hiyo ya barabarani, takwimu zingekuwa za kubahatisha tu.

Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker. Burkitt alifariki 1993, Uingereza.

Wewe unayeandika pendekezo la utafiti muhula huu, jiulize hili: mtoto wa Nandagala akitibiwa Dar es Salaam, akapanda basi kurudi kwao, nani atajua hali yake baada ya mwaka? Kama pendekezo lako halina jibu, bado hujapanga utafiti. Umepanga nusu yake.